Wimbo Uliopunguzwa Kama Gauni

Watu wa kambi ya Dzaleka walimjua Godelive kwa kupunguza. Mafundi wa kushona nguo mpya walikuwa wengi, wenye vyerehani vya kung'aa na vibao vya rangi mlangoni. Lakini mtu aliyenunua suruali ya kaunjika, yaani ya mtumba, kule sokoni Mponela, suruali ya mzungu mwenye tumbo la watu wawili, akataka imkae mtu aliyekulia mgao wa mahindi, huyo alikwenda kwa Godelive. Angeipokea, angeigeuza ndani nje, angemtazama mwenyewe toka kiunoni mpaka kwenye vifundo vya miguu, kisha angesema, "Acha, upitie kesho kutwa." Nguo ikitoka pale, hata aliyeitupa huko Ulaya asingeitambua.

Sifa yake kubwa ilikuwa bitana. Fundi mwingine anapunguza gauni anasahau kitambaa cha ndani, mwenye gauni anakwenda kanisani bitana inamchungulia chini kama ulimi wa mbuzi. Kwa Godelive hilo halikutokea. Alichokishusha nje alikishusha na ndani. "Nguo njo bantu ba nyumba moja," alikuwa akiwaambia waliokuja kujifunza kwake. "Huwezi kuhamisha baba ukaacha batoto."

Na habari ya kuhama hakuisikia kwa watu. Yeye na dada yake mkubwa, Pascaline, walizaliwa Fizi, ndani ndani, kwenye mashamba ya mihogo. Vita vya pili vya nchi yao vilipofika kwao walishuka hadi ziwani, wakavuka kwenda Kigoma, na baada ya miaka ya kambi za Tanzania wakateremka kusini mpaka Malawi. Godelive alifika na mkasi. Pascaline alifika na sauti. Mama yao hakufika popote, kwa sababu alikataa kuondoka. Siku ile ya kukimbia alikaa kwenye kinu chake akawaambia, "Nendeni ninyi. Mi mihogo yangu nitaiachia nani, askari?" Wakamwacha amekaa.

Sauti ya Pascaline ilikuwa ya kupanda bila ngazi. Kwaya yao pale kambini iliimba mbele ya watu wa Uvira, wa Fizi, wa Burundi, na kila mmoja alipoulizwa ni yupi Pascaline hakunyoosha kidole, alisema tu, "Subiri, utamsikia." Katika miaka yao ya kwanza Dzaleka alimtungia mama yake wimbo:

Mama umebaki na shamba,
mimi nimebaki na njia.
Jioni ukifunga mlango
usinifungie nje.

Rodrigue, kijana aliyekuwa mpiga kinanda wa kwaya, aliutilia muziki kwenye kompyuta, na wimbo ukaingia kwenye simu za watu, ukaimbwa kwenye vilio vya watu ambao Pascaline hakuwajua hata majina.

Kisha shingo ya Pascaline ikaota rovu. Likakua mpaka akawa anafunga leso shingoni hata wakati wa joto. Madaktari wa Lilongwe walimpasua vizuri, walimwambia mapema kwamba sauti inaweza kubadilika, na kidonda kikapona kikaacha mstari mwembamba tu. Rovu likaondoka, na ule mpando wa sauti ukaondoka nalo. Sauti iliyobaki ilikuwa chini sana. Kwenye simu watu walimwita papa, wakidhani wanaongea na baba. Pascaline akahama mstari wa mbele wa kwaya akaenda wa nyuma, akatoka wa nyuma akawa anakaa nje na watoto wadogo, mwisho akawa anasema Jumapili ana usipa wa kuanika. Hakuna samaki anayeanikwa kila Jumapili, lakini nani angembishia?

Mwaka wa 2012, wakati redio zinataja Goma na vita vimepewa jina jipya, simu ya Godelive ililia akiwa kwenye cherehani. Alikuwa binamu yao wa Fizi. Mama amekufa. "Si risasi," binamu alisema haraka, kama mtu anayeomba radhi. "Ni homa." Lakini njia ya kwenda zahanati ilikuwa na watu wenye bunduki, kila asubuhi wakasema tutampeleka kesho, na kesho ikawa ndiyo hiyo. Wamemzika pembeni mwa shamba, upande wa mihogo yake.

Kilio kikakaa nyumbani kwa Pascaline. Katika ukoo wao kilio kina sheria zake. Kikiwa kimekaa, ngoma haisikiki ndani ya ua, wala kwenye redio. Makofi ndiyo kabisa, hata mtoto akijisahau akapiga makofi anabebwa kwenda kwa jirani. Siku ya kuondoa kilio, binti mzaliwa wa kwanza anasimama mlangoni na kumwimbia mama yake. Siku hiyo ngoma inaruhusiwa kumsindikiza, kama nyayo za mtu anayemtoa mgeni. Makofi bado. Makofi ni furaha, na furaha inafunguliwa na mjomba. Mjomba akishasema neno, wafiwa wanaoga, wanavaa kitenge kipya, ndipo makofi yanafunguka na chakula kinaliwa. Mzaliwa wa kwanza asipoimba, mwingine anaweza kumwimbia, na kilio kitatoka. Lakini watu watasema marehemu ameagwa na jirani.

Mjomba alikuwepo, mdogo wa marehemu, mzee Faustin, mwembamba, aliyefunga vifungo vyote vya shati mpaka cha shingoni. Siku ilipokaribia akaja akaketi kwenye kigoda.

"Pascaline, mama. Utaimba?"

"Siimbi, mujomba."

"Wimbo ni wako."

"Wimbo njo wangu. Sauti haiko yangu tena. Mi nikifungua kinywa bantu banaanza kutafuta mwanaume iko wapi."

Antoinette, jirani yao na mwanakwaya mwenzao, ambaye hakuna kilio kilichowahi kumfunga mdomo, alicheka kwenye pindo la kitenge. "Si aimbe tu. Miaka yote humu ndani tumekosa mwanaume, leo tupate mumoja."

Pascaline hakucheka. Mzee Faustin naye hakucheka, lakini yeye hakuwa mtu wa kucheka hata penye harusi.

"Basi tutampa Carelle," alisema.

Carelle alikuwa binti wa Kirundi, sauti yake safi kama maji ya bomba asubuhi, na ndiye aliyechukua nafasi ya Pascaline mstari wa mbele. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanakwaya wenzake. Aliinama. "Nitaimba mukiniambia," alisema. "Lakini ile ya 'usinifungie nje,' mama yangu mimi iko hapa kambini. Sasa hivi iko ananipikia nsima. Mama Pascaline, nitakuwa naimba uongo."

Jioni ile, dada wawili wakiosha sufuria nyuma ya nyumba, Godelive akamwambia mkubwa wake, "Na ukiimba bila muziki, yaya? Peke yako, polepole."

"Bila muziki njo mbaya zaidi. Zamani sauti yangu ilikuwa inasimama yenyewe. Sasa inatafuta kitu cha kuegamia. Na ule muziki wa Rodrigue uko juu kabisa, siufikii." Pascaline akasugua sufuria iliyokwisha kuwa safi. "Nilijaribu, Gode. Nilienda kule nyuma ya mahindi, peke yangu, na simu. Nilijaribu mpaka nikaona haya."

Godelive hakujua kwamba alijaribu. Siku zote alidhani dada yake ameacha kuimba kwa sababu ameacha kutaka. Kumbe alitaka, akaenda kwenye mahindi kutaka peke yake.

"Muziki ungeshuka, ungeimba?"

"Muziki haushukake, Gode. Si sketi."

Kesho yake Godelive alifunga kibanda chake, akapanda kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka barabarani, akapata gari la kwenda Lilongwe. Rodrigue alikuwa amekwisha kuoa na kuhamia Nsungwi, kule Area 25, kwenye chumba nyuma ya duka la vocha. Alikuwa anatengeneza muziki wa harusi. Ukutani alikuwa amesimamisha magodoro ili kelele za mtaa zisiingie, na chumba kilikuwa na joto kama tanuri la mkate.

"Mama Godelive," alisema, akimpisha kiti. "Pole ya mama. Ningekuja, lakini kila Jumamosi niko harusini."

"Zikomo, mwanangu. Sikuja kukulaumu. Nimekuja unipunguzie wimbo."

Akamweleza yote. Rodrigue akawasha kompyuta, akatafuta, na wimbo wa Pascaline ukafunguka kwenye kioo. Godelive alitegemea kuona maandishi. Aliona kitambaa. Upande wa kushoto vitufe vya kinanda vilichorwa vimesimama kimoja juu ya kingine, na kutoka hapo mistari ikanyooka mpaka upande wa pili, na juu ya mistari vilikaa vipande vya rangi, vifupi na virefu, kama vibanzi vya kitenge mtu alivyovipanga kabla ya kushona. Vya kinanda vilikuwa kijani, vya besi bluu, vya ngoma vyekundu, chini kabisa.

"Kila kipande ni noti moja," Rodrigue alisema. "Kilicho juu njo sauti ya juu. Kirefu kinalia sana, kifupi kinalia kidogo. Hivi ni vidole vyangu vya wakati ule. Hebu ona hapa, nilikuwa naharakisha kama mtu anafukuzwa." Akamwonyesha vipande vilivyotangulia kidogo mistari iliyosimama ya mapigo. "Nikibonyeza hapa vyote vinanyooka. Lakini sinyoshi vyote mpaka mwisho, nanyosha nusu. Wimbo ukinyooka sana unatembea kama askari."

"Askari hatumutaki kwenye kilio cha mama."

"Hapana. Nusu inatosha."

Chini ya vipande kulikuwa na vijiti vidogo vimesimama, na Rodrigue akasema hivyo ndivyo vinavyoonyesha kidole kilipiga kwa nguvu kiasi gani. Godelive akasogeza uso. Akamwomba aimbishe mstari wa kwanza, akaufuata kwa macho, akaweka kidole kwenye kijiti kirefu.

"Hapa ni wapi?"

"Hapo anasema 'mama'."

"Mbona umemupigia mama kelele?"

Rodrigue akacheka, akampa kipanya. "Kishushe mwenyewe." Kipanya kikamkimbia Godelive mpaka kona ya kioo, kikarudi, akakishusha kijiti mpaka noti ikawa inagusa tu. Wakasikiliza tena. Ilikuwa vizuri. Akashusha na cha jirani yake.

"Sasa, mama, nishushe wimbo kiasi gani? Sauti ya mama Pascaline imefika wapi? Sijamusikia tangu apasuliwe."

Godelive akafikiri. Mteja akikataa kusimama apimwe, unampima akiwa anafanya kitu kingine. Akatoa simu.

"Yaya, uko mzima? Niko mjini. Hebu nikumbushe, ule wimbo mama alikuwa anabembelezea batoto, unaanza aje? Umenitoka kabisa."

"Umekutoka aje? Mama juzi tu amekufa na we umeshamusahau?"

"Nikumbushe tu, yaya."

Kisha kwenye simu, katika kile chumba cha magodoro, ikaingia sauti ya chini, pana, isiyo na haraka, ikiimba ule wimbo wa kubembeleza toka mwanzo mpaka mwisho. Rodrigue alisogeza kinanda, akatafuta kwa kidole kimoja, akapata, akafuata. Alipoinua uso alikuwa hatabasamu tena.

"Vitufe vitatu chini," alinong'ona. "Mama Godelive, hii sauti ni nzuri sana. Nani alimwambia ni mbaya?"

"Hakuna aliyemwambia. Alijiambia."

Hapo mlango ukagongwa. Walikuwa watu wa bibi harusi wa Jumamosi, baba, shangazi na dereva, na shangazi alikuwa amekuja kwa ugomvi. Rodrigue akatoka kuzungumza nao barazani. Kabla hajatoka alimwonyesha Godelive haraka: unazunguka vipande kwa kipanya, vinabadilika rangi, unavishusha mistari mitatu, basi. Akaondoka.

Godelive akabaki na kitambaa chake. Alizunguka vya kijani. Akazunguka vya bluu. Akatazama vile vyekundu vya chini. Rodrigue hakuwa amevitaja, wala kwa kukubali wala kwa kukataa, kwa sababu kwake lilikuwa jambo lisilohitaji kusemwa, kama fundi asivyomwambia mwanafunzi asijishone kidole. Lakini Godelive alikuwa fundi wa miaka mingi. Ukishusha gauni utaachaje bitana? Akavizunguka na vyekundu. Akavishusha vyote kwa pamoja, vitatu, na moyo wake ukatulia alipoona vimeteremka sawasawa, hakuna kinachochungulia.

Akasikiliza mwanzo. Ubeti wa kwanza ulikuwa kinanda na besi peke yake, na muziki ulikuwa umekaa pale pale dada yake alipokuwa anaimba kwenye simu. Godelive akafuta macho kwa kiganja. Rodrigue akarudi akiwa na jasho, shangazi akiwa nyuma yake anaendelea kusema. Aliuliza, "Umemaliza?" na Godelive akasema amemaliza, naye akautia wimbo kwenye flashi bila kuketi.

Aliporudi Dzaleka, hakuthubutu kuupigia nyumbani kwenye kilio. Alimwita Pascaline kwa Antoinette, wakaketi kitandani, redio ikiwa chini chini. Ubeti wa kwanza ukapita. Pascaline alikuwa amefumba macho. Midomo ikaanza kutembea, bila sauti, kisha na sauti kidogo. Ubeti ulipokaribia kwisha akanyoosha mkono akazima.

"Hapo ngoma inaingia," alisema. "Kilio kimekaa, tusisikilize ngoma."

"Basi utaimba?" Antoinette aliuliza.

"Mara moja. Nimuage mama, halafu munaniacha. Kesho yake musinilete kwenye mambo ya kwaya."

"Nani anakutaka? Tuko na Carelle." Lakini Antoinette alikuwa anafuta pua.

Siku ya kuondoa kilio ilikuwa Jumamosi mchana. Ua ulijaa. Turubai lilifungwa, spika ya kanisa ikawekwa juu ya meza, wali na nyama ya mbuzi vilikuwa tayari chini ya majani ya ndizi, na Mzee Faustin alikaa mbele na vifungo vyake. Pascaline akasimama mlangoni kwa nguo yake nyeusi. Godelive akabonyeza redio, akarudi kwenye mstari wake pamoja na wanakwaya.

Mama umebaki na shamba.

Watu waliinua vichwa. Waliokuwa wanamtafuta Pascaline wa zamani hawakumpata, na baada ya mstari wa pili waliacha kumtafuta. Sauti hii ilitoka chini, ikakaa, haikumkimbilia mtu. Bibi mmoja aliyetoka mji wa Baraka alivua viatu akaviweka pembeni, bila kujua kwa nini. Pascaline alikuwa ameegemea muziki kama mtu anavyoegemea ukuta wa nyumba yake mwenyewe, na ubeti wa kwanza ukafika mwisho wake bila kuanguka.

Ndipo ngoma ikaingia, na haikuwa ngoma. Yalikuwa makofi.

Makofi ya watu, mengi, ya haraka, yakikimbia juu ya wimbo kama kwenye sherehe. Kila mtu akamtazama jirani yake kuona ni nani. Mama mmoja alimshika mwanawe mikono akamfinya, mtoto asiye na kosa lolote akaanza kulia. Mzee mmoja alitazama viganja vyake mwenyewe. Kisha macho yote yakaenda kwenye spika.

Mzee Faustin alisimama. "Nani amefungua makofi?"

Hakungoja jibu. Akaiendea meza akachomoa waya.

Pascaline alisimama mlangoni, mdomo wazi, neno limekatika katikati. Mkono wake mmoja ulinyooka ukashika mwimo wa mlango. Godelive aliuona ule mkono. Alijua kinachofuata: dada yake atageuka, ataingia ndani, na sauti ile haitatoka tena, si kwa mama, si kwa mtu yeyote, na aliyeifanya hivyo ni yeye. Bitana, alifikiri. Nimeshusha bitana.

Akaanza kuimba besi. Hakuna aliyewahi kuiimba, ilikuwa ya kompyuta, lakini mchana kutwa kule Nsungwi alikuwa ameitazama ikitembea kwenye kioo, vipande vya bluu, kirefu, kirefu, viwili vifupi, kushuka, na sasa aliviona hewani mbele yake. Aliviimba kwa mdomo umefumbwa. Antoinette akageuka akamtazama kama mwehu, kisha akakamata na yeye, akakosea, akakamata tena. Alto wote wakaingia. Mwisho Carelle naye, ambaye sauti yake haikufika huko chini, akaimba hivyo hivyo kwa juu.

Pascaline aliachia mwimo wa mlango. Akarudia neno lililokatika. Akaimba ubeti wa pili, na wa tatu, na alipofika "usinifungie nje" ya mwisho aliisema zaidi ya kuiimba, mara mbili.

Alipomaliza, watu wakamgeukia Mzee Faustin aseme neno.

"Kilio hakijatoka," alisema.

Minong'ono ikaanza. Antoinette akasema, "Mujomba, ile ni mashini. Mashini haina ukoo. Ilikuwa na haraka ya wali tu."

Watu wakacheka kwa kuficha. Mzee Faustin akangoja wamalize.

"Cheka, mama. Mi sisemi ni zambi. Nasema haikuwa sawa. Kule kwetu tumeacha nyumba, tumeacha mashamba, leo tumeacha hata kaburi la dada yangu, sijui limelala upande gani. Desturi hii njo kitu kimoja tulikibeba bila kukifunga kamba. Nikiiacha ikatike hapa, mbele ya batoto, nitamwambia dada nini?" Akafunga tena kifungo ambacho hakikufunguka. "Makofi yalitangulia neno. Tutakaa tena mpaka Jumamosi ijayo, na tutaanza upya." Kisha akapunguza sauti, akasema kwa upole ambao watu hawakuuzoea, "Pascaline, ulisema mara moja. Umeimba mara moja. Sitakulazimisha. Carelle ataimba."

Godelive hakuweza kuinua uso.

"Carelle apumzike," Pascaline alisema. "Ni mama yangu."

Mjomba akatikisa kichwa kukubali. Antoinette akauliza, "Na wali, mujomba? Wali nao ungoje Jumamosi?"

"Wali haukukosa. Kuleni. Polepole, bila makofi."

Walikula. Dada wawili walikaa kwenye mkeka mmoja na sahani moja. Hatimaye Godelive akasema, "Yaya, ni mimi. Nilishusha na ngoma."

"Najua ni wewe. Nani mwingine angepunguza mpaka ngoma?" Pascaline alichagua mfupa wenye nyama akausogeza upande wa Godelive. "Jumatatu tunaenda wote. Sikuachii tena hiyo kompyuta."

Jumatatu wakaenda Nsungwi. Rodrigue alipousikia wimbo mpaka ubeti wa pili, alicheka, akaziba mdomo kwa mkono, akaomba radhi, akacheka tena. Akawaeleza. Kwenye kinanda mistari ni ngazi, ukishuka unashuka. Kwenye ngoma kila mstari ni chombo chake: huu ngoma kubwa, huu sahani ya shaba ya kugonga, huu makofi, ulioachwa mtupu. Ukishusha tatu, sahani inaacha nyumba yake inaingia ya makofi. "Ngoma haipandi wala haishuki, mama Godelive. Inakaa alipoiweka mtu. Kosa ni langu, sikukuambia."

"Hukuniambia, na mi sikuuliza," Godelive alisema. Akashika kipanya, akazunguka vile vyekundu peke yake, akavirudisha juu mistari mitatu. Wakasikiliza. Sahani ikarudi kuwa sahani, ngoma ikarudi kutembea kwa nyayo zake.

"Sasa njo vile," Rodrigue alisema. "Niutie kwenye flashi?"

Pascaline alikuwa ameketi karibu na kinanda, leso imevuliwa kwa sababu ya joto, ule mstari mwembamba wa shingoni uko wazi. Akaimba taratibu mstari wa kwanza juu ya muziki, akasimama, akauimba tena.

"Shusha tena kimoja," alisema.

"Mama, hapo panakutosha. Chini zaidi ni mbali."

"Jumamosi nilikuwa najipandisha kidogo, munione kama zamani. Shusha. Huko chini nimeshafika, nafasi bado iko."

Godelive akazunguka vya kijani na vya bluu, akaviacha vyekundu vilale palepale, na alipokuwa anashusha, dada yake alikuwa amekwisha kuvuta pumzi.